Shauri la Kuazimana Kaa Moja la Moto baina ya Wakazi Wawili

Masikio mnayo? Basi yasogezeni.

Zamani kule milimani, kabla ya viberiti, Tulalumba alijaza ghalani kuni, ulezi na asali ya kikohozi ya kumtosha yeye na mumewe Lwidiko, mgonjwa wa kifua, hadi kipupwe kiishe. "Mwaka huu hatumpigii mtu hodi," akasema, akafunga mlango.

Jioni ya kwanza akaja Zimwi la Baridi. "Mama, niazime kaa la moto." Kwa mila ya pale, jirani hanyimwi moto. Akampa, likazimika kiganjani: fuu! Pumzi ya zimwi ikalowesha kuni zote.

Jioni ya pili akaja tena. Akampa: fuu!

Jioni ya tatu jikoni limebaki kaa moja. "Wewe si jirani, wewe ni zimwi!" Tulalumba akamfokea alipobisha tena. Zimwi akatoa cheti chenye muhuri wa jumbe: mkazi halali tangu juzi, nyuma ya zizi.

Tulalumba akakimbilia kwa jumbe. "Anamuua mume wangu!"

"Shangazi, fomu alijaza vizuri," jumbe akajibu, akijifunika blanketi la tatu. "Lete malalamiko masika."

"Basi nipe moto wako."

"Wangu alichukua jana."

Akarudi nyumbani. Zimwi bado amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha.

"Mpe, mke wangu," Lwidiko akakohoa, "tusije tukasemwa."

Akampa. Fuu!

Lwidiko akafa alfajiri, na ghala limejaa.