Bundi Mvuvi wa Ng'ambo ya Songwe

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana malori yalikuwa yameshajaa barabarani, aliishi Mzee Ambakisye kando ya mto Songwe. Upande huu Tanzania, ng'ambo ile Malawi. Kazi yake kutazama ndege. Akimwona ndege, anamwandika daftarini. Akimsikia tu, haandiki. Hiyo ndiyo sheria yake, na kwa ubishi hakuwa na mwenzake.

Ndege mmoja alimshinda: bundi mvuvi, mkubwa, rangi ya tofali. Miaka thelathini Mzee alimsikia, hakumwona. Sasa macho yakaanza kufa. Daktari akamwambia wazi, "Mzee wangu, Krismasi hii itakukuta huoni." Mzee akatangaza: "Atakayenionesha bundi mvuvi, darubini yangu ni yake." Na darubini ile, jamani, nani hakuitamani?

Akatoka Tumpe, mkata matete. Siku kumi na mbili alikanyaga matope, mamba wanamtazama, yeye anatafuta magamba ya samaki chini ya miti, maana bundi huyo akila huyadondosha. Akavuka kwa mtumbwi, akayakuta chini ya mkuyu wa ng'ambo. Kuinua macho, bundi huyo hapo, kalala!

Lakini chini ya mkuyu alisimama mwenye mti, Mwakasungula, na shoka mkononi. Mama mkwe wake alikuwa mgonjwa, na shemeji zake wameapa kwamba bundi ndiye anayemwita kaburini. Mti ukatwe leo! Tumpe akamsimulia habari za Mzee na macho yake. Mwakasungula akatazama shoka, akatazama mti, akaliweka shoka chini. Shemeji zake wakamtukana, mkewe akafungasha akarudi kwao. Mama mkwe alipona, msihangaike. Mke ndiye hajarudi.

Asubuhi ya pili, Mzee akaketishwa kando ya barabara, upande wetu, uso kwa uso na mkuyu. "Naona ukungu tu," akasema. Ilibidi jua lipande. Na malori nayo yakaanza kunguruma kuelekea mpakani. Bundi akageuza shingo, akakunjua bawa. Honi moja tu, kwaheri.

Lori la mbele lilikuwa la Lusekelo, dereva aliyebeba nyanya. Tumpe akamkimbilia akipunga kanga. Lusekelo alipoelewa, alilikingamisha lori barabarani, akazima injini, akawaendea wa nyuma mmoja mmoja: "Ndugu zangu, nawaomba, msipige honi." Walimtukana kwa kunong'ona! Saa nzima kimya. Kwa saa hiyo alipoteza nafasi yake mpakani, akalala siku mbili kwenye foleni, nyanya zikaoza, tajiri akamfukuza kazi.

Jua likaugonga mkuyu. Mzee akashika darubini, akashika pumzi.

"Nimemwona! Macho yake meusi, jamani, meusi!" Akalia bila aibu. Akamwandika mwenyewe, mstari mmoja ukipanda juu ya mwingine.

Siku ya kukabidhi darubini, wote watatu wakaja.

Tumpe akasema, "Baba, bila mimi nani angejua alipo? Siku kumi na mbili na mamba!"

Mwakasungula akasema, "Bila mimi, dada, ungemwonesha kisiki. Nyumbani kwangu napika mwenyewe kwa ajili ya ndege huyu."

Lusekelo akasema, "Bila mimi mngemwonesha tawi tupu. Hawa walimtafuta na kumtunza. Mimi nilipita tu, simjui Mzee, simjui bundi, na kazi sina."

Mzee akainyoosha darubini mbele yake. Krismasi ilikuwa imeshapita. "Wanangu," akasema, "mimi siwaoni hata mmoja. Nasikia sauti tatu, na nyote mnasema kweli."

Mkono wake ungali umenyooka. Haya, nyie mnaoona vizuri: je, nani alistahili kuipokea?