Seli Aliyekata Ukuta Wake

Ndugu zangu, chini ya koo la kila mmoja wenu kuna mtaa. Nyumba zimebanana, na uchochoro wake ndio njia ya pumzi. Katika mtaa wa namna hiyo, ndani ya kifua cha mtoto mchanga, aliishi seli mmoja, mama mwenye nyumba yake.

Basi kirusi akapenya nyumba ya jirani. Hakupiga hodi, virusi hawana adabu hiyo. Akajifungia ndani, akazaana. Bakteria nao wakaona mlango umevunjika, wakajazana uchochoroni. Mtoto akaanza kukoroma kifuani.

Yule mama akashika kisu, akakata ukuta wake mwenyewe. Seli hana simu, jamani. Ukuta wake ni mafuta, na kipande cha mafuta hayo ndicho ujumbe wake.

"Shoga, una wazimu?" akauliza jirani wa upande wa pili. "Unabomoa kwako kwa shida za watu?"

"Mtoto asipopumua, wewe utakuwa na nyumba gani?"

Shoga akafunga dirisha. Mama akatuma vipande, hiki cha kirusi, kile cha bakteria, maana maadui hao hawapigwi kwa namna moja. Chembe nyeupe, askari wa damu, wakashuka kwa kishindo. Kirusi akafia ndani, bakteria wakamalizwa nje. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele, na aliyewazidi wote kwa sauti ni nani? Shoga yule yule.

Lakini mtoto bado hakuweza kupumua.

Kwa nini, na adui ameshakufa? Kwa sababu askari hawakuacha kupiga. Sumu waliyommwagia adui sasa waliwamwagia wenye nyumba, kuta zikavimba, uchochoro ukaziba.

"Endelea, afande," shoga akashangilia dirishani. "Wakome kabisa."

Mama akashika kisu tena, ukuta ukiwa umebaki mwembamba. Akakata kipande kingine, chenye neno jingine: "Afande, umeshinda. Zoa maiti, urudi nyumbani."

"Wewe ni nani wa kuniamuru?"

"Ni mimi niliyekuita."

Kamanda wa askari akashusha silaha. Wakazoa, wakaondoka. Uvimbe ukashuka, na pumzi ikapita, ndefu, mpaka chini kabisa. Mtoto akaangua kilio cha njaa kilichoamsha wodi nzima, na mama aliyemzaa akacheka huku machozi yakimtoka.

Sasa sisi. Dada yule aliyemsingizia mwenzetu amekiri humu humu mbele yetu. Ameomba radhi, na aliyekosewa amemsamehe. Ushindi gani mwingine tunautafuta? Mbona kila jioni bado tunampiga kwenye kundi la WhatsApp? Na ni sisi, wasomi wa hosteli zile zile, ambao mwenzetu aliposingiziwa tulifunga madirisha. Ujasiri wetu umekuja baada ya vita, halafu tunauita haki.

Haki imeshapatikana, ndugu zangu, na tumshukuru Mungu kwa shangwe. Ila kuna mtu ameketi kiti cha nyuma kule, hapumui. Nani kati yetu atakata ukuta wake leo, awaambie washindi inatosha?