Mwanakondoo Mkali wa Bi Sikudhani

"Laki moja na ishirini kwa mwanakondoo mkali? Silipi!" Mzee Mbwambo, tajiri wa kondoo, alimfokea jirani yake, Bi Sikudhani. "Mwezi mzima zizini kwangu anapiga watu vichwa. Mchukue!"

"Nimemlea kwa chupa, Mzee. Mpole huyo."

"Mkali! Toka naye!"

"Haya. Nifungulie lango, basi."

Mzee akalifungua mwenyewe. Bi Sikudhani akapiga mluzi, akaondoka bila kugeuka. Mwanakondoo akamfuata mbiombio, na kondoo wote wa Mzee wakamfuata mwenzao hadi barabarani.

"We mama! Rudisha kondoo wangu!"

"Sijamgusa hata mmoja. Anayewaongoza ni yule mkali, nami wakali nawaogopa."

"Ni mpole! Mpole kuliko mke wangu! Mrudishe!"

"Laki moja na ishirini, Mzee. Mkononi."