Ndama wa Sekela na Viwavi wa Mahindini

Hapo zamani, tegeni sikio nami sitawazungusha, palikuwa na mjane aitwaye Sekela, mwenye shamba moja la mahindi, ng'ombe na ndama wake, na hasira za karibu. Kwao shamba la mtu haliingiwi bila hodi. Aingiaye kimya huitwa mchawi.

Asubuhi moja akamkuta Lugano, jirani wa chini, amepiga magoti katikati ya mahindi yake.

"Mchawi wewe! Toka!" Akainua jembe.

"Nipige, dada, lakini tazama kwanza. Nimeona majani yametafunwa, yana vidirisha, miguu ikaingia yenyewe." Lugano akafunua moyo wa mche. Ndani mlijaa kinyesi kama unga wa mbao, na kiwavi mwenye alama usoni kama manati iliyopinduliwa. "Huyu si panzi. Ni kiwavijeshi. Bado mdogo, akinenepa, utavuna vijiti."

Sekela akashusha jembe. Shamba lile ndilo chakula cha wanawe mwaka mzima. Akapiga yowe: "Atakayeniokolea mahindi, ndama wangu ni wake!"

Akaja wifi yake, Tusajigwe. Kila alfajiri akapita mstari kwa mstari, akiponda mayai chini ya majani, akiokota viwavi, akitia majivu katika moyo wa kila mche, hata vidole vikababuka.

Lakini shamba la Ambilikile, jirani wa juu, lilikuwa limeliwa nusu, na viwavi wakaanza kushuka kwa Sekela. Ambilikile akang'oa mistari yake ya mpakani, iliyokuwa bado mizima, akachimba mahali pake mfereji mrefu. Viwavi wakatumbukia, akawafukia.

Mahindi ya Sekela yakazaa. Watatu wakakutana zizini, kila mmoja akidai ndama.

"Bila mimi mngekuwa mnafukuza panzi," akasema Lugano.

"Jicho lako limeua kiwavi gani?" Tusajigwe akacheka. "Hata hodi huijui!"

"Nawe ungeokota mpaka leo," akasema Ambilikile. "Mimi nimeng'oa chakula changu."

"Viwavi walinona kwa nani? Si kwako, ulipolala?" akajibu Tusajigwe.

Sekela akashika kamba ya ndama. Mmoja, yeye mwenyewe alimwita mchawi. Mwingine ni wifi yake, na kwao ndugu hadai ujira. Wa tatu amejipunguzia chakula ghalani. Ahadi ameitoa kwa kinywa chake, na ndama hakatwi vipande akaendelea kulia.

Haya, nyinyi mlioketi: je, kamba ile alistahili kukabidhiwa nani?