Pua ya Serikali

Mwaka ule mvua ilipita kando ya nchi ya wanyama kama mgeni mwenye haraka, asiyetaka hata kukaribishwa kiti. Mito ikakauka. Visima vikabaki na vyura waliokuwa wakilalamika, kisha vyura nao wakanyamaza. Maji yakawa mahali pamoja tu: kwenye bwawa lililokuwa chini ya jabali la Simba.

Palikuwa na fujo pale bwawani. Tembo waliingia na miguu yote. Nyani walioga kabla wenzao hawajanywa. Wengine walikunywa, wakarudi nyuma ya foleni kama watu wanaofika sasa hivi, wakanywa tena. Simba, ambaye hakupenda kelele asizozianzisha yeye mwenyewe, akaita mkutano.

"Kuanzia leo," aliunguruma, "hakuna atakayekunywa bila kutambulika. Kila mmoja atajiandikisha. Nyayo zake zitachukuliwa, harufu yake itachukuliwa, na makazi yake yatajulikana. Nchi zilizoendelea hufanya hivyo."

Hakuna aliyejua nchi hizo ziko wapi, lakini hakuna aliyetaka kuonekana hajui.

"Na kazi hiyo ataifanya nani, Mtukufu?" aliuliza Nyani.

"Mwenye pua kali kuliko wote. Fisi."

Wanyama wakatazamana. Fisi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mate yakamdondoka, akayafukia haraka kwa mguu.

Sungura akainua sikio moja. "Mtukufu, maji yako hapa bwawani. Sisi tunalala kwetu. Maji yanahusiana nini na tunakolala?"

"Asiye na la kuficha ataogopa nini?" Simba akasema. Kwa kuwa aliuliza kwa sauti kubwa, wengi walidhani amejibu.

"Na nyumba yako, Mtukufu? Itaandikishwa lini?"

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Wewe Sungura, nani asiyemjua Simba? Wanaoandikishwa ni watu wadogo."

"Kweli kabisa," Fisi akadakia. "Wadogo, na hasa wanono."

"Umesemaje?"

"Nimesema hasa wanyonge, Mtukufu. Tuwasaidie."

Kazi ikaanza. Fisi aliketi nyuma ya jiwe bapa lililokuwa meza yake. Mnyama akifika, alikanyaga kigae cha udongo mbichi, akang'olewa manyoya kidogo yakatiwa kwenye kibuyu, kisha akaulizwa maswali. Unalala wapi? Una watoto? Wakubwa au wadogo? Ukija kunywa unawaacha na nani? Fisi hakuandika majibu popote. Alifumba macho na kuyarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Vigae na vibuyu vyote vilipelekwa pangoni kwake, "kwa usalama."

Kila mchana, foleni ilipokuwa ndefu na jua linachoma migongo, Fisi alijishika pua.

"Pua imegoma," alitangaza. "Haisomi."

"Tangu asubuhi tuko hapa!" alilalamika Mama Ngiri.

"Mama, hili si tatizo langu, ni la pua. Subirini hapo hapo. Anayeondoka anaanza upya."

Basi wote walibaki pale wamesimama, na Fisi akaondoka zake. Alirudi jua likiwa limeshuka, anatembea taratibu na kulamba midomo. "Pua imerudi," alisema. "Anayefuata!"

Siku moja Kanga aliporudi kwake alikuta maganda ya mayai. Nungunungu alikuta akiba yake ya mizizi imefukuliwa, na iliyobaki imetafunwa na kutemwa. Mama Ngiri alipiga mbio hadi kwenye shimo lililo nyuma ya kichuguu, akaita watoto, wakatoka wote isipokuwa kitindamimba wake. Aliita mpaka sauti ikamkauka.

Walikwenda kwa Simba wakilia.

"Wizi umezidi," Simba alikubali. "Ndiyo maana nilisema watu wajulikane. Fisi, ongeza bidii. Chukua na alama za mikia."

Ukame ule ulimkondesha kila mtu. Twiga alikuwa kama ngazi iliyoachwa nje. Fisi peke yake ndiye aliyekuwa na tumbo, na alipotazamwa alilipapasa na kusema, "Gesi. Kazi za kukaa hizi."

Sasa, Mama Paa alikuwa bado hajajiandikisha. Alikuwa amezaa karibuni, binti mdogo aitwaye Tulia. Paa wana desturi yao. Mtoto akizaliwa, mama humlaza majanini, humlamba mpaka asibaki na harufu yoyote, kisha humwacha na kwenda mbali. Halali karibu naye, hamtazami, hata hapiti njia inayoelekea kule. Hurudi kumnyonyesha na kuondoka tena. Wanyama wengine huona ni mama asiyejali, lakini mtoto wa paa hana pembe wala mbio. Ulinzi wake wote ni kwamba hakuna anayejua alipo.

Mama Paa alijaribu kuishi kwa umande na mizizi. Umande ukaisha. Maziwa yakaanza kukatika, na Tulia, ambaye hakuwahi kulia, akaanza kunyonya kwa hasira. Mama Paa akaenda bwawani.

"Kanyaga hapa," alisema Fisi. Akakanyaga. "Manyoya." Akatoa. "Una mtoto?"

"Ninaye."

"Analala wapi?"

"Majanini."

"Majani yako mengi, mama."

"Ndiyo maana analala huko."

Fisi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mama. Mimi ninafuata utaratibu. Bila makazi ya mtoto, taarifa zako hazijakamilika. Zisipokamilika, hakuna maji."

"Mtoto hanywi maji. Ninakunywa mimi."

"Anayefuata!"

Mama Paa aliyatazama maji. Yalikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akageuka, akaondoka. Sungura akamfuata hadi kwenye kivuli cha mti wa miiba.

"Dada, huwezi kukaa hivi."

"Najua. Nisipokunywa, maziwa yanakauka. Nikisema alipo, nitarudi nikute nyasi zimelala. Wewe ulijiandikishaje?"

"Nilimtajia shimo langu lililoporomoka mwaka juzi. Nasikia kuna mtu alikwama humo kichwa."

Mama Paa hakucheka. Hakuwa na mate ya kuchekea.

Sungura akachutama. "Hebu niambie. Katika nchi hii nzima, ni nyumba gani Fisi haijui?"

Mama Paa akafikiri. "Ya Simba. Wao hawakuandikishwa."

"Wewe unaijua?"

"Kila mama wa majanini anaijua. Nitamlazaje wangu bila kujua Mama Simba kawalaza wake wapi? Wako kwenye korongo la mawe meupe, nyuma ya kichaka cha mchongoma." Ghafla macho yakamtoka. "Lakini atawanusa, ndugu yangu. Kabla hajafika atajua ni harufu ya nani."

"Pua niachie mimi," alisema Sungura.

Asubuhi iliyofuata, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kicheche. Nyuma yake palikuwa na nafasi kubwa, kwa sababu kila anayemjua Kicheche humpa nafasi. Juu ya jabali, Simba alikuwa amekaa anakagua kazi ya serikali yake.

"Harufu," alisema Fisi bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Kidogo au yote?"

"Usinipotezee muda. Utaratibu unasema harufu kamili."

"Nimeuliza tu," alisema Kicheche. Akageuka, akainua mkia.

Wale waliokuwa mbali walilala chini. Nyani alidondoka kutoka kwenye mti. Fisi alisimama, akakaa, akasimama tena, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Alitaka kukimbia, lakini Simba alikuwa anatazama.

"Pua imegoma!" alilia.

"Hata saa nne haijafika!" Mama Ngiri akafoka. "Leo hutuachi hapa. Endelea na kazi!"

"Jamani, leo ni kweli!"

"Na zile siku nyingine?"

Fisi akakohoa, akaita anayefuata. Alikuwa Mama Paa. Amesimama wima, uso umemkauka.

"Nimekuja kukamilisha taarifa," alisema.

Fisi alimtazama kwa macho mekundu. Tumbo likamnguruma. "Sema, mwanangu. Mtoto?"

"Yuko kwenye korongo la mawe meupe, nyuma ya mchongoma. Namwacha peke yake. Hana kelele. Mtu akimgusa hainuki."

Fisi akafumba macho, akarudia polepole. "Mawe meupe. Mchongoma. Hainuki." Akameza mate. "Taarifa zimekamilika. Nenda ukanywe, mama. Kunywa sana. Usiwe na haraka ya kurudi."

Mama Paa akanywa. Alikunywa mpaka akasikia ubaridi ukishuka tumboni. Nyuma yake, Fisi alikuwa tayari ameshatangaza kwamba pua imezidi kugoma, na hata Simba, aliyekuwa amefunika yake kwa mkono, hakumzuia.

Fisi alifika korongoni anahema. Siku nyingine angesimama mbali na kunusa upepo. Siku hiyo upepo wote, miti yote na mawe yote yalinuka Kicheche. Aliingiza kichwa kichakani. Macho yalikuwa bado yanatoka machozi, hakuona vizuri, lakini mguu wake ukagusa kitu laini, chenye joto, kilichonona.

"Njoo kwa mjomba," alinong'ona.

"Mjomba wa upande gani?" sauti ikauliza nyuma yake.

Fisi hakuhitaji pua kuitambua sauti ile.

Foleni ilikuwa bado imesimama Mama Simba alipotokea anamburuta Fisi kwa sikio. Watoto wake walikuwa wanafuata nyuma, wanarukia mkia wa Fisi kama mchezo. Alimtupa chini ya jabali.

"Mume wangu, shuka uone mtumishi wako. Nimemkuta kichwa ndani ya kitanda cha wanao."

Simba akashuka kwa kuruka mara moja. "Fisi! Ulijuaje wanangu wanalala wapi?"

"Sikujua, Mtukufu! Naapa kwa mama yangu mzazi! Nisingethubutu! Nilidhani ni mtoto wa Paa!"

Fisi akasikia alichokisema, akajaribu kukirudisha mdomoni, akashindwa.

Mama Ngiri akatoka kwenye foleni. Hakufoka. "Na wa kwangu," aliuliza, "ulidhani ni wa nani?"

Kanga akasogea. Nungunungu akasogea, miiba imesimama. Fisi akajikunja, akatafuta uso wa kumwonea huruma, akaukosa. Tumbo lake lilikuwa pale mbele ya wote, na safari hii hakutaja gesi.

Simba akakohoa. "Ni kweli mtumishi mmoja amekosea. Utaratibu wenyewe lakini hauna ubaya. Tutatafuta mwingine, mwaminifu. Chui, kwa mfano..."

"Subiri," alisema mke wake. "Wewe ndiye uliyesema asiye na la kuficha hana la kuogopa. Haya. Leo nitawahamisha watoto. Simama hapa mbele ya watu utangaze tutawalaza wapi."

Simba akafungua mdomo. Akamtazama Nyani, ambaye hajui kunyamaza. Akamtazama Chui, aliyekuwa anawaangalia wale watoto kwa upendo wa kupita kiasi. Akafunga mdomo.

"Hilo," alisema hatimaye, "ni jambo la nyumbani."

"Na hawa hawana nyumba?"

Simba akageuka. Akarudi juu ya jabali, akajilaza akiwapa mgongo, na wanyama wakachukua mgongo ule kuwa ndiyo ruhusa. Walikwenda pangoni kwa Fisi. Kila mmoja alichukua kibuyu chake, akapeperusha manyoya yake mwenyewe. Tembo wakavikanyaga vigae mpaka vikawa vumbi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule miguu yao kusifiwa.

Kuhusu maji, ilionekana kazi haikuwa ngumu kama walivyoambiwa. Kifaru alisimama mlangoni mwa bwawa. Aliyekunywa alitokea upande wa pili, na aliyejaribu kuzunguka arudi nyuma ya foleni alizomewa na waliomwona. Hakuna aliyeulizwa zaidi ya "Umekunywa leo?" Fisi naye alipewa zamu, ya mwisho kabisa, baada ya wote kutosheka, na Mama Ngiri alijitolea kumsimamia. Alimsimamia ukame wote, bila kusema naye neno. Ndiyo maana hadi leo Fisi huja majini kichwa chini, ananywa mara moja na kutazama nyuma mara tatu.

Jioni ya siku iliyofuata Mama Paa alikunywa tena, kifua kikawa kizito kwa maziwa. Akajipangusa midomo, akaanza kuondoka. Kwanza alielekea mashariki, kisha akasimama kula jani asilolitaka, kisha akageuka kana kwamba amesahau kitu.

Sungura akamkimbilia, amejaa furaha ya kazi yake. "Dada! Hebu ngoja. Yale ya mawe meupe tumemaliza. Sasa kweli kweli, kati yangu na wewe tu, Tulia unamlaza wapi?"

Mama Paa alimtazama kwa upendo. Sungura alikuwa amemwokolea mtoto, naye angemshukuru maisha yake yote.

"Kunywa maji yako, Sungura," alisema.

Sungura akarudi bwawani, akanywa. Alipoinua kichwa, Mama Paa alikuwa ameshapotea majanini, na hakuna hata unyasi mmoja uliotikisika.