Nyuki Asiye na Mzinga

Paukwa!

Pakawa!

Majani ya mbugani?

Yana wenyewe.

Basi, wajukuu zangu, alikuwapo nyuki mmoja mdogo, hana mzinga, hana malkia, hana kundi. Alichimba vitundu vyake ardhini peke yake, akakanda chavua kwa asali, akataga mayai, kisha akaziba milango kwa udongo.

Mbuga hiyohiyo ilikuwa na Zimwi. Zimwi huyo alisikia hata sisimizi akipita, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumvizia.

Siku moja akanusa asali, akafukua vitundu, akala asali na watoto waliokuwamo. Nyuki akamsihi awaache wanawe. Zimwi akacheka.

"Wewe huna kundi. Nachimba, nakula, nalala. Utanifanya nini?"

Nyuki akahamia ng'ambo ya kidimbwi. Zimwi akaja. Nachimba, nakula, nalala.

Akahamia nyuma ya kichuguu. Zimwi akaja. Nachimba, nakula, nalala.

Basi Nyuki hakujenga tena. Alikuwa na jambo jingine moyoni.

Akamkuta Nyevu, mwanamke mkata nyasi za kuezekea, amekaa chini analia. Zimwi alikuwa amemla Mbeyu, binti yake wa pekee. Nyevu akaeleza kwamba alitaka kumchoma Zimwi usingizini, lakini kila akisogea, Zimwi humsikia na kuamka.

"Masikio niachie mimi," Nyuki akasema. "Wewe lete moto."

Mchana, Zimwi alipolala, Nyuki akabeba udongo mbichi wa kidimbwini, punje kwa punje, akaliziba sikio moja. Zimwi aliusikia mvumo wake, akaudharau. Akajigeuza tu ubavu, akampa na sikio la pili.

Nyevu akaja juu ya majani makavu, wala hakunyata. Akayawasha pande zote.

Zimwi akaamka amezingirwa na moto. Akalia, "Ni nani wewe? Nimekukosea nini?"

Nyevu akamtajia jina la Mbeyu. Nyuki akamweleza habari za wanawe, wote, tangu wa kwanza. Zimwi hakusikia hata neno. Aliuliza, akauliza, akauliza, mpaka sauti ikakatika.

Nyevu akangoja majivu yapoe, ndipo akarudi nyumbani kwake, nyumba ile isiyo na mtoto. Nyuki akabaki mbugani, akaanza kuchimba.

Hadithi yangu imekomea hapo. Msimwonee mtu kwa kuwa yuko peke yake. Uchungu wa mwana hauhitaji kundi.