Bakuli la Zamu

Zamani za Sultani Hilali bin Nasibu, katika mji wa Zahrani uliozungukwa na jangwa pande zote, jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwa Rubeya, mlinzi wa zamu za maji, ni kwamba mkewe Salme alimshonea kifungo cha kanzu.

"Hiki cha nne mwezi huu, mume wangu. Unavila?"

Adhuhuri ilipofika homa ilikuwa imemwangusha Salme, naye akalazwa barazani, hatua kumi kutoka kwenye chemchemi.

Sheria ya Zahrani ilikuwa hii: bakuli la shaba lenye tundu huwekwa lielee majini, na kila mtaa hupata maji mpaka bakuli lizame; likizama, mlinzi hugonga upatu, na mfereji hugeuzwa kuelekea mtaa unaofuata. Na jini wa chemchemi alifungwa kwa kiapo atoe maji maadamu zamu zinaheshimiwa; zikivunjwa, angekuwa huru.

Siku hiyo jini akainuka kutoka majini, mrefu kama mnara, akasema, "Ewe Rubeya, mkeo atakufa kabla ya alasiri. Ziba tundu kwa kidole chako. Bakuli lisipozama, alasiri haitafika."

Rubeya akaziba. Na jua likasimama utosini, na Salme akaendelea kupumua, na maji yakaendelea kwenda mtaa wa juu peke yake, huku chemchemi ikipungua na jini akitabasamu.

Akaja Bi Mwanashehe wa mtaa wa wafinyanzi, mtungi mtupu kichwani.

"Sheikh Rubeya, bakuli lako leo limejifunza kuogelea?" Kisha akaona kidole, akaona na baraza, na mzaha ukamtoka. "Mjukuu wangu analia bila machozi," akasema taratibu.

Salme akafumbua macho. "Zamu ya nani?"

"Ya wafinyanzi."

"Basi wape."

"Nikiwapa, utaondoka."

"Najua. Miaka thelathini sijaona haya kuitwa mke wa mlinzi. Usinianzishie leo."

Rubeya akaondoa kidole. Bakuli likajaa polepole, likazama. Akagonga upatu, na maji yakageuka kwenda kwa wafinyanzi, na jini akapiga ukelele na kurudi kifungoni, na jua likasogea. Rubeya akaenda barazani, akaushika mkono wa Salme mpaka ulipopoa.

Jioni, baada ya mazishi, Sultani alimwita.

"Umeuokoa mji wangu. Chagua: kasri, mali, au mke katika jamaa yangu."

"Maulana," akajibu Rubeya, "sheria haikuniokolea wangu. Iliwaokoa wa wengine, na kwa hiyo ni sheria. Sitaki kitu. Naomba ruhusa niondoke mapema. Kesho zamu ya kwanza ni ya mtaa wa juu."

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Rubeya alivaa kanzu ile, akafunga kifungo chake, akaenda chemchemini, akaliweka bakuli juu ya maji, na akauondoa mkono wake.